Niliisingizia Mvua, Kiti cha Bibi Nilikiua Mimi

Nimekosa. Naanza hapo hapo nisije nikazunguka nikajitetea, maana moyoni mwangu nimejitetea vya kutosha na haikunifaa kitu.

Ukipita mtaani kwetu, hapa Mji wa Kale, ukauliza kiti cha enzi cha ukoo wetu kilikwenda wapi, yeyote utakayemuuliza atakwambia kimeuliwa na mvua ya El Nino. Wazee wa barazani watakwambia hivyo, na watatikisa vichwa. Mvua, maskini, haina mdomo wa kujibu. Lakini si mvua! Ni mimi, mtu mzima na akili zangu, na kilichonisukuma ni kijicho.

Jina langu siliandiki. Wenye kunijua watanijua, na wakinijua basi, nimechoka.

Nikueleze kiti chenyewe kwanza. Kilikuwa cha mpingo, cheusi, kirefu mgongo, kimetiwa nakshi za vipande vya pembe vyeupe vidogo vidogo kama punje za mchele. Pa kukalia na pa kuegemea palisukwa kwa uzi wa pamba. Kilikuwa na kibao chake cha kuwekea miguu. Bibi yangu mzaa mama alikirithi kwa mamake, na huyo kwa mamake, huko nyuma sijui. Kila msichana wa ukoo wetu, siku ya kupambwa, hukikalia kile.

Na hakikaliwi hivi hivi. Kwetu biarusi hushikwa mkono na yule aliyekikalia mwisho kabla yake, akaketishwa. Mkono kwa mkono, tangu huko kwa mabibi. Harusi ikisha, kiti huhamia nyumba yenye msichana anayefuata kwa umri, kikamngoja yeye. Wazee wetu walisema kiti hufuata biarusi, wala hakiulizi mtu ni mtoto wa nani.

Wa mwisho kukikalia nilikuwa mimi. Baada yangu msichana aliyefuata alikuwa Rukia, binti wa kakangu, na baada ya Rukia ni mwanangu. Kwa hiyo, mwenzangu, angalia vizuri: kiti kingekaa kwa kakangu mpaka Rukia aolewe, kisha kingekuja kwangu chenyewe, na miguu yake minne. Nilikuwa sina haja ya kufanya lolote ila kungoja.

Kungoja kukanishinda!

Mke wa kakangu nitamwita Mwanamisi, silo jina lake. Yeye si wa mjini. Kwao ni upande wa Kwale, Mdigo, na alipoolewa hapa alikuwa akishona yunifomu za shule katika duka moja Tudor. Sitaki kujipaka mafuta mbele yenu. Nilimdharau. Sisi ni watu wa nyumba za mawe, babu zetu walikuja na majahazi toka Arabuni, nilikuwa nikisema, kana kwamba mimi ndiye niliyeshika usukani. Mwanamisi alicheka kwa sauti mpaka nje wakasikia, wali wake ulikuwa haukosi ukoko, na watu walimpenda.

Mamangu pia alimpenda. Hapo ndipo penye kidonda.

Mama aliugua muda mrefu, na aliugulia upande wa kakangu. Nyumba yetu ni moja, ya marehemu baba, ila tuligawana: kakangu upande mmoja na mimi mmoja, ukuta katikati. Nilikuwa nikimsikia Mama akiita kupitia ukutani. Nami nimekaa kitako, binti yake wa kumzaa, nikingoja aite jina langu. Aliita Mwanamisi. Kila siku Mwanamisi. Siku nyingine nilikuwa naingia na uji wangu mkononi nakuta keshalishwa, keshaogeshwa, na yule mwenzangu anakisugua kile kiti kwa kitambaa kikavu huku Mama anamwelekeza toka kitandani. Nilirudi na uji wangu nikaunywa mwenyewe.

Mama alipofariki, kiti kikabaki pale pale, kama desturi ilivyotaka. Mimi sikuiona desturi. Nilichoona ni mkaza mwana kapewa cha mamangu.

Na ulimi wa Mwanamisi nao! Wallahi hakuwa na nia mbaya, lakini kila alichokisema kilianza na Mama. Mama alisema kiti hakipendi jua. Mama alisema kisifunikwe, kiwekwe penye upepo. Mama alisema uzi wake usukwe upya kabla ya harusi ya Rukia. Nikawa nauliza moyoni, mama wa nani? Wageni wakija kukiona, wakaribishwa na yeye. Wazungu wapita njia wakipiga picha, yeye ndiye aliyesimama kando ya kiti, kanga kaitanda vizuri, anatabasamu. Roho iliniuma mpaka nikawa nakosa usingizi.

Sasa nikwambie habari ya simiti.

Mume wangu alikuwa akifanya kazi Kilindini, katika ofisi ya kutoa mizigo bandarini, na mwaka ule mambo yalimnyookea kidogo. Nikamwambia nataka upande wetu utengenezwe upendeze, watu wajue nani ni nani. Nyumba hizi zetu, kama huzijui, kuta zake ni mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake ni boriti za mikoko. Mama, Mungu amrehemu, alikuwa akisema nyumba ya chokaa yapumua. Hunywa maji mvua ikinyesha na kuyatoa jua likiwaka. Ukiizibia kwa simiti, maji yataingia penye ufa na hayatatoka tena.

Mama alisema! Ndiyo maana sikulifuata. Lilikuwa neno la Mama, na neno la Mama sasa lilikuwa mali ya Mwanamisi.

Nikaleta mafundi, wakaigubika nyumba yangu simiti nje na ndani, juu yake rangi ya mafuta, kijani kibichi. Ilimetameta. Upande wa kakangu ukabaki na chokaa yake iliyobabuka, na mimi nikisimama njiani nikitazama pande mbili nilikuwa nasikia raha. Mwanamisi alikuja akanipongeza. Akagusa ukuta kwa kiganja, akakitazama kiganja, kisha akasema rangi ni nzuri.

Basi ikaja mvua ile. Mwenye umri wa kukumbuka hahitaji kuelezwa. Haikuwa mvua ya vuli tuliyoizoea, ya kunyesha na kupusa. Ilikuwa ikishuka siku nzima, ikipumzika kidogo, ikirudi kama iliyosahau kitu. Barabara ya kwenda Nairobi ilikatika, vyakula vikapanda, watoto wakaugua malaria. Mji wa Kale ukuta wa huyu ukianguka leo, kesho ni roshani ya yule. Watu walikuwa wakihamisha vitu vya wazee wao: misahafu, makasha, sahani za kale zilizotundikwa ukutani. Majirani walisaidiana sana, hilo lazima niliseme. Msiba wa mvua ulikuwa wa wote.

Mimi nikaona ndiyo nafasi yangu.

Paa letu si la mabati. Juu ni sakafu bapa ya chokaa, na maji yake hutoka kwa mlizamu, kile kijifereji kifupi kinachotokeza nje na kuyatema maji njiani. Kakangu ana mlizamu wake, nami nina wangu. Kati ya sakafu mbili pana ukuta wa kufika magotini tu, mtoto anaruka.

Adhuhuri moja, wanaume wako msikitini, Mwanamisi yuko kazini, mvua imepungua imekuwa manyunyu, nilipanda juu. Nilikuwa nimechukua kanga yangu moja kuukuu, nyekundu yenye maua ya korosho, nikaipasua. Kanga ile, ngoja niseme, ilikuwa nusu ya doti niliyogawana na Mwanamisi mwaka alipofariki Mama. Alinunua yeye, akanipa moja akabaki na moja, akasema ni ya ukumbusho. Niliruka ule ukuta, nikalisokomeza lile tambara ndani ya mlizamu wa kakangu, nikalishindilia kwa mti wa ufagio mpaka likakaza.

Nikashuka nikawasha jiko nikapika. Nilikuwa na amani kabisa, Mungu anisamehe!

Mvua ikarudi. Maji yakajaa juu kwa kakangu kama birika, hayana pa kupita, yakaanza kutafuta njia chini. Siku ya pili yalikuwa yanadondoka katika chumba cha kiti. Mwanamisi alihangaika na ndoo na sufuria, anakisogeza kiti huku, anakisogeza kule. Mimi nikavaa buibui langu nikazunguka kwa wakubwa wa ukoo, machozi tele. Nikawaambia kiti cha bibi kinaoza, nyumba ya kakangu imechakaa, mwenyewe hajali, mkewe hajui vitu hivi, si kosa lake, kwao hawana. Nikawaambia kwangu ni simiti tupu, tone haliingii.

Nilikuwa nasema naokoa urithi. Neno hilo nililisema sana, urithi. Watu wakanisifu kwa uchungu nilio nao.

Kakangu alikuja na kiti mwenyewe, kakibeba begani, kanyeshewa. Mwanamisi nyuma yake na kile kibao cha miguu, amekikumbatia. Alikiweka chini chumbani kwangu, akatazama dari, akatazama dirisha lililofungwa.

"Wifi, kitie upepo," aliniambia. "Hata kama mvua yanyesha, dirisha lifungue kidogo. Na usikifunike."

"Mama alisema?" nikamuuliza.

Alinitazama tu, na mimi nilijua nimemchoma, nikafurahi.

Alipotoka nikafanya nini? Nikatwaa nailoni, ile nene ya kufunikia mizigo ambayo mume wangu alikuja nayo toka bandarini, nikakizungushia kiti chote toka juu mpaka chini, nikakifunga kwa kamba. Kwanza kwa kuwa yeye alisema nisikifunike. Pili kwa kuwa kweli niliamini maji hayapiti kwenye nailoni. Nilikuwa nimekwisha kuiziba nyumba kwa simiti, sasa nimekiziba na kiti. Nikafunga mlango kwa ufunguo, ufunguo nikautia kifuani.

Siku chache baadaye Mwanamisi akabisha hodi. Akasema kakangu amepanda juu, sakafu imetazamwa, tatizo limeondolewa, hapavuji tena hata tone. Kiti chaweza kurudi.

Nikamuuliza tatizo lilikuwa nini. Akasema mlizamu ulikuwa umeziba. Akasema hivyo tu, na macho yake yako usoni kwangu, hayapepesi. Nikamwambia mvua bado haijesha, kiti si mpira wa kurushwa huku na huku, kikae. Akasema haya. Akaomba basi akitazame kidogo. Nikamwambia ufunguo anao mume wangu. Ufunguo uko kifuani kwangu, naisikia baridi yake!

Wakapita pia watu wa kuhifadhi majengo ya kale, mama mmoja na mwenzake, na miavuli yao imegeuka ndani nje. Walikuwa wanakwenda nyumba kwa nyumba wakiuliza nani ana kitu cha zamani kilichopata maji, wawaonyeshe namna ya kukikausha polepole kabla hakijaharibika, wala hawachukui kitu. Kwa kakangu walikaa sana, nikasikia kicheko cha Mwanamisi. Kwangu niliwajibu mlangoni. Nikasema hapa hapana kitu cha zamani. Yule mama akaitazama rangi yangu ya kijani, akaona ilivyofura kama lengelenge la kuungua, akaniambia kwa adabu kwamba ukuta ule umeshikwa na maji ndani, niutazame. Nikamshukuru nikafunga mlango.

Kwa maana nilikuwa nimekwisha kuona, mwenzangu. Nilianza kuona mapema. Ukuta wa chumba kile ulikuwa ukitoa jasho. Ukiuweka mkono unateleza. Kulikuwa na harufu, harufu ya nguo iliyosahauliwa kwenye ndoo. Ndani ya nailoni palikuwa na ukungu wa pumzi, matone yameganda upande wa ndani, na kiti hakionekani vizuri. Siku ile, wakubwa, kiti kilikuwa hakijafa! Ningefungua mlango nikaita, wifi, njoo, kimenishinda. Neno moja. Angekuja mbio.

Lakini kusema hivyo ni kusema kwangu kunavuja na kwake hakuvuji. Ni kusema simiti yangu imeshindwa na chokaa yake. Ni kusema Mama alijua alichokifanya. Bora kiti kioze, nikaona, kuliko Mwanamisi akichukue akiwa mshindi. Sikuyasema kwa maneno haya wakati ule, lakini ndivyo nilivyotenda, na kutenda ndiko kusema.

Nikawa siingii chumba kile. Nikipita mlangoni nageuza uso.

Dari ilianguka baada ya alasiri, Ramadhani ikikaribia. Nilikuwa jikoni napepeta mchele. Kwanza ulikuja mlio kama mtu anayepasua kuni, kisha kishindo, kisha vumbi la unyevu likatoka chini ya mlango. Mwanangu alikuwa ndio kwanza ametoka shule, yuko uani anavua viatu. Alhamdulillahi! Nikafungua. Boriti mbili zilikuwa zimeoza vichwa pale zinapoingia ukutani, zimeshuka na kipande cha dari, mawe na simiti yangu, vyote juu ya kiti.

Sasa sikiliza jambo ambalo sikuwahi kumwambia mtu.

Kabla sijapiga kelele, kabla sijamwita hata mume wangu, nilitoa mawe kwa mikono nikaivuta ile nailoni. Ilipofunguka niliona. Uzi wa pamba ulikuwa umefanya kuvu, mweusi na kijani, ukiugusa unakatika. Vipande vya pembe vilikuwa vimeachia, vimemwagika chini ya nailoni. Viungo vyote vilikuwa vimefura vikachomoka. Mchwa walikuwa mguuni. Boriti ilivunja mgongo wa kiti, ni kweli, lakini ilivunja kitu ambacho kimekwisha kufa muda. Nikaikunja ile nailoni, nikaenda kuificha uvunguni mwa kitanda changu. Kisha ndio nikapiga ukemi.

Majirani walijaa. Wanawake walinishika, wakanipa maji. Wakasema mvua hii, mvua hii! Wakasema nilijaribu, jamani, dada wa watu alijaribu kukiokoa. Wengine wakashusha sauti wakasema, lakini yote yaanza kwa Mwanamisi. Angeitunza sakafu yake kiti kingehamishwa kwa nini? Mimi nikasikia. Nikainamisha kichwa, nikasema, tusilaumiane.

Tusilaumiane! Ona ulimi ulivyo.

Mwanamisi alikuja mwisho. Hakulia. Alipiga magoti kwenye matope akaanza kuokota vile vipande vya pembe, kimoja kimoja, anavitia katika upindo wa kanga yake. Nilimtazama mikono. Aliokota mpaka giza likaanza kuingia, na hakuna aliyeweza kumwambia basi. Akaomba achukue mabaki. Kwa haki hayakuwa mabaki yangu, Rukia alikuwa bado hajaolewa. Yeye na kakangu wakayabeba.

Rukia aliolewa baada ya Ramadhani, kama ilivyopangwa. Siku ya kupambwa walikodi kiti, vile vya mahameli nyekundu na rangi ya dhahabu ambavyo leo viko kila harusi. Msichana alipendeza mno, piko mpaka viwikoni, asumini kichwani. Ulipofika wakati wa kumkalisha, ukumbi mzima wa wanawake ukanigeukia. Aliyekikalia mwisho ni nani? Ni mimi. Nilimshika mkono Rukia, nikamweka juu ya ile mahameli. Nilisikia mtu nyuma akisema kwa chini, kiti kilikuwa cha bibi zao, mama yake ndiye aliyekizembea. Mwanamisi alikuwa kasimama hapo hapo, hatua chache. Alisikia vile vile kama nilivyosikia. Angeweza kusema, na sakafu ingenimeza mbele ya mji mzima.

Alipiga kigelegele. Sauti yake ile ile ya kusikika nje.

Fungate ilipokwisha, alinibishia hodi. Alikuwa na furushi kubwa, kasaidiwa na kakangu kulipandisha ngazi, na kakangu akashuka bila kuniamkia. Tokea siku ile kakangu ananijibu salamu kwa mdomo tu.

"Wifi," alisema Mwanamisi, "kiti hufuata biarusi. Kwangu kimemaliza. Sasa ni zamu ya mwanao."

Nikamwambia akaribie, aketi. Akasema ana kazi. Nikasikia ndara zake zikishuka ngazi, na sikumwita.

Nilifungua peke yangu. Furushi lilifungwa kwa kanga nyekundu ya maua ya korosho, ile nusu yake ya doti, bado nzuri, aliitunza. Ndani mlikuwa na miti ya kiti, imepanguswa, imekaushwa kivulini, imefungwa pamoja kwa utambi. Kibao cha miguu kilikuwa kizima. Vipande vya pembe vilikuwa katika kikopo cha maziwa ya unga. Na juu ya kila kitu mlikuwa na tambara. Lilikuwa limefuliwa, limetiwa wanga, limepigwa pasi, limekunjwa pembe kwa pembe kama leso ya mgeni. Nyekundu. Maua ya korosho.

Alilijua tangu siku ulipozibuliwa ule mlizamu! Siku aliyokuja kunitazama usoni bila kupepesa alikuwa analijua. Alipookota vipande alikuwa analijua. Alipopiga kigelegele, watu wakimsengenya yeye kwa ajili yangu, alikuwa analijua.

Nilikaa chini pale pale.

Watu husema hasidi hana sababu. Mimi nilikuwa nayo, eti. Mama aliita jina la mwingine. Sasa nimefahamu alimwita aliyekuwa akija, mimi nilikuwa nyuma ya ukuta nangoja kuitwa.

Nimeandika leo kwa sababu mwanangu ameposwa. Kijana mzuri, wazazi wake wakaaji wa Tudor, harusi ni mwezi wa mfungo tano. Alipoambiwa alicheka, kisha akaniuliza nani atamkalisha. Nikamwambia ni Rukia, desturi ndiyo hiyo. Nikavaa buibui nikaenda mpaka Buxton, anakokaa Rukia na mumewe, kumwomba. Ana mtoto sasa. Alinipa chai na mahamri, akanisikiliza mpaka mwisho, na adabu zake zote za kwao.

"Shangazi," akaniambia, "ningependa. Lakini mimi sikukikalia. Aliyekikalia mwisho ni wewe."

Sikuwa nimelifikiria hilo, naapa. Mkono kwa mkono tangu kwa mabibi wa mabibi, na mnyororo umekatikia kwangu. Hapana baada yangu. Nimekuwa wa mwisho, na nilichokuwa nikikitaka miaka yote ni kiti kiwe changu.

Basi nawaambia ninyi mnaosoma, hasa ninyi wa nyumba zetu hizi za mawe. Mvua itarudi, na moto upo, na bahari ipo hapo. Kitu cha wazee wenu kikiwa kwa mwenzako, mpelekee turubai, mpelekee mikono, kisha urudi kwako. Na kikiwa kwako kikaanza kuoza, piga kelele siku ile ile, hata kama wa kumwita ni yule usiyempenda. Aibu ya kuvuja hukauka. Hii yangu haikauki.

Kwa Mwanamisi bado sijaenda. Nimefika mlangoni mara nyingi, nikasikia anavyocheka huko ndani, nikarudi. Labda akisomewa hii atajua ni mimi.

Jana nimekwenda kukodi kiti. Wakanionyesha kile cha mahameli nyekundu, kile kile cha Rukia, wakanieleza kwamba kinapendwa sana.